Kuchagua gari la dizeli la 4x4 Nairobi: mwongozo kamili kwa wanaotaka kufika Turkana na kurudi

Gari zuri la safari ni lile linalokuonya kabla ya kukuangusha. Injini inayoanza kutoa moshi ukiwa Isiolo, ikakufikisha Marsabit na kukurudisha polepole hadi kwa fundi, ina thamani kuliko ile yenye nguvu maradufu inayozima ghafla katikati ya jangwa la Chalbi kwa sababu sensa moja imekufa. Ukishika kigezo hicho, maswali mengi ya ununuzi hujijibu yenyewe: injini gani, mwaka gani, na spea ipi itakayopatikana mbali na Kirinyaga Road, mtaa wa spea wa Nairobi.

Anza na njia, kisha uende yadi

Kabla ya kuona gari lolote, andika njia ngumu zaidi unayonuia kupita, umbali wa kipande chake kisicho na mafuta ya uhakika, na uzito utakaobeba. Hesabu hizi tatu zitaondoa nusu ya magari yaliyoko sokoni.

Chukua mzunguko wa kaskazini: Marsabit, North Horr, Loiyangalani, Baragoi, Maralal. Kutoka Marsabit hadi Maralal ni takriban kilomita 500. Njiani dizeli huuzwa kwa mitungi, na usafi wake hutegemea mtungi wenyewe. Gari zito lenye mizigo linalokula lita 16 kwa kilomita 100 litataka lita 80. Ongeza robo kwa ajili ya mchanga, gia ya chini na kupotea njia, unapata lita 100. Pikapu nyingi zina tangi la lita 76 hadi 80, kwa hiyo utabeba mitungi miwili ya lita 20. Land Cruiser 78 yenye matangi mawili ya lita 90 humaliza hesabu hiyo bila mtungi hata mmoja, na ndiyo sababu mojawapo inayoifanya ishikilie bei.

Sasa uzito. Watu wanne na mabegi yao ni kilo 340. Maji lita 60 ni kilo 60. Dizeli ya mitungi miwili ni kilo 34, na mitungi yenyewe 8. Tairi la pili la akiba 35, keria na hema la juu 100, friji na chakula 70, zana na vifaa vya kujinasua 60. Jumla ni kilo 700 hivi. Pikapu ya tani moja itabeba. Prado iliyojaa hivyo inakuwa imefika ukomo wake, na springi za nyuma za koili ndizo zitakazolia kwanza. Kama ndoto yako ni Magadi, Amboseli na Mara kwa watu wawili, Prado inatosha kabisa na ni tulivu zaidi kwenye lami. Usinunue gari la Turkana kwa safari za Naivasha.

Injini: hapa ndipo pa kukaa

Kwa msafiri, dizeli ziko aina mbili. Za zamani zina pampu ya kimakanika inayosukuma mafuta kwa injekta bila kompyuta. Za kisasa ni za komoni-reli: pampu ya shinikizo kubwa, reli moja, injekta za umeme na kompyuta inayoamua kila tone. Za kwanza huchoka polepole na kwa dalili. Za pili zina nguvu, zinakula kidogo, lakini hazivumilii mafuta machafu. Maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli huondoa ulainisho ambao pampu inautegemea. Pampu ikisagika, vumbi lake la chuma huingia katika injekta zote, na unabadilisha mfumo mzima.

1HZ ya Toyota, lita 4.2, silinda sita, bila tabo, ndiyo kipimo cha wengine. Imo katika Land Cruiser za 70 tangu 1990, na fundi wa mji wowote wa kaskazini anaijua kwa sauti. Udhaifu wake ni nguvu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo katika barabara za Nairobi imeshapoteza zaidi ya asilimia 15, na Timboroa utapanda kwa gia ya tatu nyuma ya lori. Vumilia. Mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika injini inaharibika. Jihadhari sana na 1HZ iliyoongezewa tabo gereji. Injini hii huwasha mafuta katika vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, na joto la ziada hupasua hedi hapo hapo, hasa kama aliyefunga tabo aliongeza mafuta bila kuweka kipimo cha joto la ekzosi.

1KZ-TE, lita 3.0 yenye tabo, ya Prado 90 (namba hutaja kizazi cha gari), ni tamu kuendesha, lakini hedi yake hupasuka ikichemka hata mara moja. Ukikuta moja, historia ya rejeta ni muhimu kuliko kilomita.

1KD-FTV, lita 3.0, ya Prado 120 na Hilux ya kizazi hicho, ndiyo utakayoiona kwa wingi. Tatizo lake linajulikana: washa za shaba zilizo chini ya injekta huvuja, gesi ya moto huingia kwenye oili na kuifanya lami, nayo lami hiyo huziba chujio la pampu ya oili chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Injini hufa kwa kukosa oili ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Baadhi pia zimepasuka pistoni, mara nyingi kwa sababu injekta iliyochoka ilimwaga mafuta mengi mahali pamoja. Usiogope injini hii, lakini usiinunue bila kujua washa zilibadilishwa lini. Kama hakuna jibu, weka bajeti ya washa mpya, kipimo cha injekta na kufungua sampu kabla ya safari ya kwanza.

1GD-FTV, lita 2.8, ipo kwenye Prado 150 na Hilux za kuanzia 2015. Ina nguvu na haiendeshwi na mkanda wa taimingi bali mnyororo. Lakini nyingi zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Gari linaloshinda kwenye foleni ya Thika Road kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa halipati joto hilo. Yaliyotoka soko la Japani yana pia tangi la urea, AdBlue, na likiisha kabisa gari halitawaka tena baada ya kuzimwa. Ukinunua hilo, beba lita 10 za AdBlue kama unavyobeba maji.

Nje ya Toyota: Isuzu D-Max yenye 4JJ1, lita 3.0, ni chaguo lenye akili kuliko sifa zake mitaani. Ina mnyororo wa taimingi, hukusanywa Nairobi, na spea zake ziko kila mahali. Nissan Patrol yenye TD42 ni ngumu sawa na 1HZ, ila spea utazitafuta. ZD30, lita 3.0, iachie mwingine, kwa kuwa za miaka ya mwanzo zilikuwa na sifa mbaya ya kuyeyusha pistoni. YD25 ya Navara na Hardbody, sikiliza mnyororo: mlio wa kukwaruza upande wa mbele injini ikiwa baridi maana yake umelegea. Land Rover Defender ya 300Tdi hutengenezeka kwa spana chache, lakini angalia mkanda wa taimingi kama unakaa sawa kwenye puli, kwani kwa baadhi ya injini hizo ulikuwa ukijisaga upande. Kwenye Td5, chomoa plagi ya kompyuta. Ukikuta oili ndani, imepanda kupitia nyaya za injekta, na nyaya hizo zinahitaji kubadilishwa.

Gari limetoka maisha gani

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu usajili wake wa kwanza. Kwa hiyo Land Cruiser ya 1HZ ya miaka ya tisini unayoiona Ngong Road imeishi hapa hapa, na swali ni kwa nani.

Magari ya mashirika ya misaada mara nyingi yana rekodi nzuri za sevisi na chasisi iliyochoka, kwa sababu yameshinda kwenye barabara za mawimbi, zile za vumbi zenye matuta madogo yanayofuatana, za Dadaab na Kakuma. Ya serikali yanayouzwa kwa mnada huwa yamesimama muda mrefu: tarajia mihuri iliyokauka, kutu ndani ya tangi na breki zilizoganda. Ya ubalozi au yaliyoingia bila ushuru ni masafi kwa kawaida, ila ushuru lazima uwe umelipwa kabla hayajahamishwa kwa jina lako. Yaliyoishi Mombasa, Kilifi au Lamu, yalalie chini na tochi kabla hujasema neno kuhusu bei.

Halafu kuna ya utalii. Nairobi kuna karakana hodari zinazokata Land Cruiser na kuirefusha ili ibebe abiria wengi zaidi. Kazi nzuri ina vipande vya chuma vilivyozungushiwa pale chasisi ilipoungwa, vimechomelewa kwa mshazari, na propela ina beringi ya katikati. Kazi mbaya imeungwa kwa mstari wa wima na kupakwa rangi nzito nyeusi. Kwaruza rangi hapo kwa bisibisi. Ufa mwembamba kama unywele pembeni ya weldingi unatosha kukataa gari, hata kama injini ni mpya.

Siku ya ukaguzi: fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, panga siku nyingine, kwa maana dizeli iliyopashwa huficha karibu kila kitu.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kuleni, yaani dawa ya kupozea injini, yasiwe ya kahawia. Utando wa mafuta juu yake ni habari mbaya. Vuta kijiti cha oili: oili nyeusi ni kawaida ya dizeli, lakini rangi ya chai ya maziwa ni maji.

Washa. Subiri taa ya kupasha izime, kisha piga stata. Injini nzima huwaka ndani ya sekunde mbili au tatu. Mtu mmoja asimame nyuma kutazama moshi. Moshi mweupe unaochoma macho na kuisha ndani ya dakika moja ni plagi za kupasha zilizochoka, kitu kidogo. Mweupe usioisha unaweza kuwa mgandamizo mdogo au taimingi ya pampu. Mweupe wenye harufu tamu ni kuleni inayoungua. Wa bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga ni filta ya hewa, injekta au tabo.

Ndani ya dakika mbili za kwanza, minya hosi ya juu ya rejeta. Ikiwa imeshakuwa ngumu ilhali maji bado ni baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi au hedi. Uhakika hupatikana kwa kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Ikigeuka kuwa njano, gesi ipo.

Injini ikipata joto, fungua kifuniko cha oili na ukiweke juu chini kwenye tundu lake. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa, pete za pistoni zimekwisha. Ukiwa bado na nia ya kununua, lipa fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Namba zikiwa chini kidogo kwa pamoja, ni uzee. Silinda moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya baa 5, kuna kitu kimevunjika au kuungua. Kwa komoni-reli, dai pia kipimo cha mafuta yanayorudi kutoka kila injekta. Inayorudisha mengi kuliko wenzake ndiyo mgonjwa.

Gari likiwa na snokeli, bomba linalovuta hewa kutoka usawa wa paa, izibe juu kwa kipande cha ubao wakati injini inanguruma taratibu. Injini isiyo na tabo inapaswa kukosa pumzi na kuzima mara moja. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa kupitia ufa mahali fulani, na kwenye mto itavuta maji hapo hapo. Snokeli nyingi mjini ni mapambo.

Chini ya gari

Anza na chasisi: tazama sehemu inapofungwa boksi ya usukani, vishikio vya shoki na masikio ya springi. Hapo ndipo barabara za mawimbi hupasua chuma. Hesabu majani ya springi, tafuta lililokatika, na uhakikishe boliti ya katikati imekaa sawa, kwa kuwa ikikatika ekseli nzima inarudi nyuma.

Kwa Land Cruiser yenye ekseli ngumu mbele, tazama mipira miwili ya chuma nyuma ya magurudumu. Ikiwa na supu ya grisi na oili inayotiririka, mihuri ya ndani imekufa, oili ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli) inaosha grisi ya beringi, na kazi hiyo hufanywa pande zote mbili kwa pamoja. Piga jeki, shika tairi juu na chini, utikise. Mchezo wowote ni beringi au kingipini.

Fungua boliti ya kujazia oili ya kila difu na uchovye kidole. Oili ya rangi ya maziwa inasema gari liliingia mtoni na tundu la kupumulia limeziba au lipo chini mno. Bei ya kurefusha bomba hilo ni ndogo sana ukilinganisha na difu.

Fowili, yaani kuendesha kwa magurudumu yote manne, ijaribiwe kwenye changarawe, kamwe si kwenye lami, kwa sababu mfumo usio na difu ya katikati hujikaza na kuvunja kitu ukikata kona. Funga habu za mbele, ingiza H4 (fowili ya gia za juu), kisha L4 (ya gia za chini). Gari liende mbele na nyuma, kona zote, ukisikiliza mlio wa tik-tik-tik wa joiti za mbele. Kama lina kufuli za difu, ziwashe: taa itapepesa kisha itulie. Ikiendelea kupepesa, mota imeganda kwa kukosa kutumiwa, jambo la kawaida sana.

Jaribio la Magadi

Mzunguko wa kuzunguka Ngong Road haukuambii lolote kuhusu ubaridi wa injini. Nenda Kiserian, shuka Bonde la Ufa hadi Magadi, kisha upande kurudi saa nane mchana. Ni zaidi ya mita 1,000 za mwinuko kwenye joto kali, na ndiyo mtihani bora ulio karibu na Nairobi. Muuzaji akikataa safari hiyo, angalau mpande kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nyuma ya malori.

Usitegemee sindano ya dashibodi pekee. Katika magari mengi ya karibuni imetengenezwa ikae katikati hata joto likipanda sana, na ikianza kusogea umeshachelewa. Tumia kipimo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta, au kwa magari ya zamani kipimajoto cha miale kwenye mdomo wa thermostati. Ukifika juu, acha injini ingurume dakika mbili, izime, na usukume feni kwa kidole. Ikizunguka zaidi ya mzunguko mmoja kwa ulaini, klachi ya feni imekufa. Weka alama ya kalamu kwenye chupa ya maji. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, maji yawe pale pale yalipokuwa kabla ya safari.

Makaratasi

Fanya utafutaji wa gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen kabla ya kulipa hata arbuni. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Jina la benki au chama cha mkopo likionekana pamoja naye, deni halijaisha. Namba ya chasisi kwenye Toyota nyingi za aina hii imepigwa kwenye chuma cha kulia mbele, karibu na gurudumu: safisha tope, isome herufi kwa herufi, na utazame kama herufi zimekaa sawasawa. Injini kubadilishwa ni kawaida Nairobi, lakini namba mpya iwe imeingizwa kwenye rekodi. Isipokuwa hivyo, mwache muuzaji airekebishe kwanza.

Wiki ya kwanza baada ya kununua

Chukulia kwamba hakuna kilichofanywa. Badilisha oili zote: injini (1HZ inameza karibu lita 10 za 15W-40), giaboksi, transfa na difu zote mbili. Badilisha filta za dizeli, oili na hewa, kuleni iliyochanganywa nusu kwa nusu, maji ya breki, na mkanda wa taimingi kama hakuna risiti yake. Baada ya hapo, oili ya injini kila kilomita 5,000. Mwaga maji kutoka kwenye filta ya dizeli kila baada ya kujaza kutoka mtungini.

Matairi yachague kwa kuuliza yatapatikana wapi. 7.50R16 huuzwa hata miji midogo kwa sababu malori madogo huyatumia, na tyubu zake huzibwa na yeyote. 265/70R16 ya Prado, beba mbili za akiba. Kwenye mawimbi shusha presha kwa robo, kwenye mchanga wa Chalbi au laga (mto mkavu) fika hadi psi 15 hadi 18, na uwe na kompresa ya kurudisha.

Kwenye sanduku la spea weka filta mbili za dizeli, mikanda ya feni, hosi ya juu na ya chini ya rejeta, seti moja ya beringi za mbele na mihuri yake, krosi moja ya propela, boliti mbili za katikati za springi, silinda ndogo ya klachi, fyuzi, oili lita 5 na kuleni lita 5. Spea zilizotumika za kutoka Japani zinazouzwa Grogan, eneo la spea Nairobi, ni nzuri kwa vitu vya chuma kama difu na giaboksi. Chochote cha mpira, muhuri au beringi, nunua kipya.

Kisha rudi Magadi na mizigo yote ya safari ndani, ulale usiku mmoja, na siku inayofuata ukaze upya kila boliti ya U ya springi na kila nati ya magurudumu. Zile zilizosogea, zipake rangi alama, uziangalie tena Isiolo kabla ya kuacha lami.